Siku Bibi Alipoifunga Tena Kamba ya Bwawa

Juzi shuleni tuliambiwa tusimame kimya dakika moja. Mlinzi wetu wa zamani alikuwa amefariki, mzee wa watu, na mkuu wa shule akaona tumkumbuke kwa kunyamaza. Basi, rafiki yangu, shule nzima ilishindwa. Mmoja alikohoa, wa pili akakohoa kama anayemjibu, mbuzi akalia nje ya uzio kana kwamba naye kaitwa jina lake, na mimi, msichana ambaye kicheko chake hakijawahi kumtii, nikapasuka. Nikapewa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya maabara. Nikafyeka, jasho likaniingia machoni, na katikati ya jasho nikakumbuka kwamba mimi niliwahi kuona umati mkubwa kuliko shule yetu ukinyamaza mchana mzima. Hakuna aliyewaamuru. Tena walikuwa wamekuja kucheza.

Ilikuwa bwawani kwetu, miaka ile ya wakimbizi, nikiwa bado nang'oka meno ya mbele.

Kijiji chetu kipo juu, kwenye njia ya kupanda Kalinzi. Ukisimama penye mibuni ya jirani unaliona Ziwa Tanganyika limelala kule chini, jeupe saa za asubuhi, la buluu mchana, halina mwisho. Unaliona tu. Maji yote yale ya Mungu, na sisi tulikuwa tunahangaika na ndoo! Dagaa na migebuka vilitufikia, bodaboda alivipandisha kutoka Katonga huku harufu ikimtangulia kona mbili, lakini ziwa lenyewe halipandi bodaboda. Ndiyo maana wazee, kabla sijazaliwa, waliziba bonde letu kwa majembe na kwa udongo waliobeba kichwani, mvua ikafanya iliyobaki, tukapata bwawa.

Wageni kutoka mjini walilicheka. Walinong'ona mkono mdomoni, eti watu wa ziwa wanaringia dimbwi. Waache waseme. Kwenye tuta, upande wa chini, kulikuwa na bomba lililopita kwanza kwenye sanduku kubwa la mchanga, na hapo ndipo tulipochota maji ya kunywa. Upande wa juu, bwawa lilikuwa limejilaza kwenye uwanda wa nyasi, kina kifupi, mchanga mwororo, mikaratusi inanukia pembeni. Huko ndiko kijiji kilikokwenda kupumzika. Jumapili ungekuta mihogo inakaangwa kwa mawese mpaka nguo zako zinanuka njaa, mama wa kahawa anagonga vikombe, wazee wanagombana juu ya drafti, vijana wanacheza mpira bila viatu, na sisi watoto majini tunapiga kelele za kuamsha mizimu. Mwalimu wetu wa darasa la pili alitufundisha kwamba bwawa ni akiba. Bibi yangu alikuwa na lake: bwawa ni kama mtu, lina saa ya kazi na saa ya kucheka, na ole wako uzichanganye.

Bibi alikuwa na haki ya kusema, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kamba. Njia ya kuingilia upande wa kuchezea ilipita katikati ya nguzo mbili, na kati ya nguzo hizo ilifungwa kamba nene ya wavuvi. Kamba ikifungwa, hapiti mtu. Ikifunguliwa, kijiji kinamwagika. Kamati ya bwawa ilimkabidhi bibi kamba hiyo kwa sababu moja tu: hakujua kuogelea. Mtu asiyejua kuogelea, walisema, hana haraka ya kufungua. Na kweli hakuwa nayo. Angekaa kwenye kigoda chake, avute ugoro, apige chafya tatu kubwa, ndipo ainuke, wakati sisi tumeshavua mashati na tunatetemeka kama majani ya mgomba.

Kamba ilifungwa nyakati mbili. Kwanza, masika yote, maana maji yalikuwa mengi na mekundu na yangeweza kukumeza. Pili, msiba. Mtu akifa kijijini, bwawa halichezewi mpaka tanga lianuliwe. Na wafiwa wenyewe hawakanyagi bwawani kabisa, hata kuchota. Majirani ndio huwachotea na kuwapelekea mpaka mlangoni, kwa sababu mwenye msiba hapaswi kubeba kitu kingine kizito. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Tulizaliwa tukaikuta, kama tulivyoikuta milima.

Sasa, mwaka ule wageni wakaja. Redio iliwaita wakimbizi, bibi aliwaita wageni, na ukisema neno la redio mbele yake ulipigwa jicho. Walivuka mpaka kwa miguu, wakashuka kwenye vilima vyetu na magodoro kichwani na kuku mikononi, wakingoja malori ya kuwapeleka kambini. Kwa kuwa Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja, hatukuhitaji mkalimani. Wengi walilala kwenye madarasa ya shule, wengine kwa watu. Kwetu walikuja watatu: mzee mmoja, binti yake, na mtoto wa huyo binti, msichana wa rika langu.

Mzee yule alikuwa mvuvi wa ziwa letu hilihili, upande wao wa mpaka. Siku ya kwanza alisimama penye mibuni akaliangalia ziwa kwa upande wetu, akatikisa kichwa. "Kumbe mgongo wake ndio huu," alisema. Tangu siku ile nikampenda. Alikohoa sana, njia ilikuwa imemla mwili, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kuliko wangu, jambo ambalo si la kawaida.

Mimi na mjukuu wake tulichukiana kwa siku chache, kama ilivyo desturi, halafu tukawa kitu kimoja. Ugomvi wetu ulikuwa kuogelea. Kila mwaka, siku ya kufungua bwawa baada ya masika, watoto tulishindana kutoka mchangani mpaka kwenye mti mkavu uliosimama katikati ya maji, kwenda na kurudi. Mimi nilisema nitashinda. Yeye akasema amezaliwa ziwani, hilo bwawa letu ni beseni la kuogeshea watoto. Kamba ilikuwa bado imefungwa, kwa hiyo mazoezi tukafanyia uani, tumelala kifudifudi juu ya benchi la bibi, tunapiga hewa mikono na miguu. Mzee ndiye alikuwa kocha. Aliketi mlangoni na blanketi mabegani, anapiga makofi kuhesabu mapigo.

"Wewe!" alinipigia kelele. "Unaogelea nk'impene!"

Yaani kama mbuzi. Mjukuu wake alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi, na mimi nikamwambia mzee, "Shikamoo babu, lakini mbuzi huyu atamshinda samaki wako." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, binti yake akatoka jikoni na maji ya moto. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Tulikuwa tunangoja siku moja tu.

Masika yakapita, kazi ya kutoa tope bwawani ikaisha, maji yakatulia, kamati ikatangaza siku ya kufungua. Mwaka huo ilikuwa kubwa: timu ya mpira ya Ujiji ilikuwa imealikwa, ije na ngoma yake na sufuria zake za pilau. Kijiji kizima kilinuka sabuni. Na asubuhi ya mkesha wake, mzee hakuamka.

Nakumbuka binti yake hakulia kwa sauti. Alikaa chini, akashika miguu ya baba yake kama anayeipasha joto. Bibi akafunga kanga kiunoni, akatuma watu. Mwenyekiti wa kamati ya bwawa akaja haraka, kofia mkononi, akatoa pole zake vizuri, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha akamvuta bibi kando ya banda la kuku. Mimi nilikuwa ndani ya banda natafuta mayai, na masikio yangu hayana mlango.

"Mama, hili tuliangalie kwa akili. Huu ni msiba, sikatai. Lakini si msiba wa kijiji. Hawa ni wapita njia. Tukifunga bwawa kwa kila mgeni anayefariki, watoto wetu wataogelea lini? Ujiji wameshapakia sufuria."

Bibi alivuta ugoro. Akapiga chafya. "Wewe ndiye mwenyekiti," alisema.

Basi ikawa hivyo. Pembeni mwa makaburi kikatolewa kipande, mzee akapangiwa kuzikwa kesho yake asubuhi na mapema, na bwawa lifunguliwe jua likipanda. Mimi na rafiki yangu tulitazamana. Hakusema kitu kuhusu shindano. Mimi pia sikusema, na kwangu kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kufyeka.

Kesho yake wageni walizika wenyewe, pamoja na majirani wachache. Mimi nilitangulia bwawani kumsaidia bibi na kigoda chake. Lo, ungewaona watu! Walijaa kwenye uwanda kutoka mikaratusi mpaka tuta, kanga za rangi zote, watoto wamevaa nguo za Idi na za Krismasi kwa pamoja. Lori la Ujiji likapanda kona likiimba, wachezaji wamekaa juu ya kingo na jezi zao za kijani, ngoma inadunda, akina mama wameshikilia sufuria zilizofungwa vitambaa. Bibi alikuwa ameshainuka. Vidole vyake vilikuwa kwenye fundo. Umati ukaanza kuhesabu kwa sauti, kama kila mwaka, na fundo likaachia, kamba ikaanguka upande mmoja.

Hapo ndipo tulipowaona. Walikuwa wanashuka njia ya makaburini, mmoja nyuma ya mwingine, majembe begani, mikono na miguu myekundu kwa udongo. Mbele alikuwa binti wa marehemu, na mwanawe kamshika kanga. Hawakugeukia nyumbani. Walikuja moja kwa moja bwawani.

Ngoma ilisita. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Hee, wametoka kuzika wanakuja kuogelea?" Mwingine akadakia, "Na udongo wa kaburi! Kwenye maji tunayokunywa!" Neno likapita kwenye umati kama moto kwenye nyasi kavu. Vijana wawili wakasimama njiani na mikono kiunoni. Mwenyekiti akaja mbio. Na bibi, bibi yangu aliyewapa hao watu kitanda chake, akanyoosha mkono mbele ya nguzo.

"Oya, hapana," alisema. "Mwenye msiba hakanyagi bwawani. Rudini nyumbani, mwanangu. Maji mtaletewa."

Yule mama alisimama. Midomo ilikuwa imemkauka. "Nyumbani siwezi kuingia," alisema. "Mukecuru, bibi yangu, kwetu ukishazika hurudi mlangoni kwa mtu na udongo wa kaburi. Unapita majini kwanza. Tunasema guca ku mazi. Unanawa mikono, watu wakikuona, ndipo unaitwa mtu tena. Tusiponawa, baba hajazikwa. Ameachwa tu."

"Mtanawia nyumbani kwa beseni," alisema mwenyekiti kwa upole wa haraka.

"Nyumbani kwa nani?" aliuliza yule mama. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anayeuliza njia.

Unaona kilichotokea hapo? Desturi yao inampeleka mfiwa majini, desturi yetu inamweka mfiwa mbali na maji, na zote mbili ni za huruma. Zilikuwa zimesimama uso kwa uso katikati ya nguzo mbili, na kamba iko chini.

Mimi mawazo hayo sikuwa nayo. Nilikuwa na miaka saba na nilikuwa nimeshavua shati. Nilichokiona ni rafiki yangu yupo, maji yapo, kamba imefunguliwa, na watu wazima wanachelewesha mambo. Nikasema kwa ile sauti yangu inayofika ng'ambo ya ziwa:

"Bibi, si mwenyekiti alisema hakuna msiba? Kama hakuna msiba waingie tu, tuanze kuogelea!"

Mtu akacheka, kisha akajishika. Mwenyekiti akanitazama kama aliyekanyagwa kidole. Bibi akanigeukia taratibu, na nilijikunja nikisubiri kofi, maana nilikuwa nimefichua kwamba nilikuwa bandani. Kofi halikuja. Bibi alimwangalia mwenyekiti.

"Mtoto amekuuliza, baba. Jibu. Kama hawana msiba, ni watu kama wengine, siwezi kuwazuia, wapite wakaoge. Na kama wana msiba, kamba hii inafanya nini chini?"

Mwenyekiti aliangalia lori, akaangalia sufuria, akaangalia mikono ya yule mama. Udongo ulikuwa umeanza kukauka na kupasuka kwenye vifundo vya vidole vyake.

"Wana msiba," alisema, karibu hatukumsikia.

Bibi akainama, akaokota kamba. Hakuvuta ugoro, hakupiga chafya. Akaifunga kwenye nguzo mbele ya kijiji kizima na lori zima la Ujiji, fundo mara mbili, akaligonga kwa ngumi. Masika yote tulikuwa tumeingoja kamba ile ianguke. Ilikaa chini muda mfupi kuliko wa kula andazi.

Kutoka kwenye lori alishuka mzee mwenye kofia ya kufuma, kiongozi wa wageni wa Ujiji. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," alisema. Halafu akamgeukia mwenyekiti. "Bwana wee, umetuvua nguo! Umetuleta na ngoma kwenye matanga ya watu?" Hakungoja jibu. Aliamrisha ngoma ifunikwe, na akina mama wa Ujiji wakashusha mabirika waliyokuja nayo ya kutawadhia. Wachezaji, na jezi zao, wakaenda kwenye bomba na ndoo.

Bibi akawapeleka wafiwa pembeni, penye mikaratusi. "Maji ya mikono yasirudi bwawani," alionya, "huzuni si kitu cha kunywa." Akachukua birika yeye mwenyewe, akamwagia yule mama. Maji yakatoka mekundu, kisha yakatoka ya maziwa, kisha yakatoka meupe. Akafuata mtoto. Wakafuata waliochimba. Halafu, sijui nani alianza, jirani yetu akasogea akakinga mikono. Yeye hata makaburini hakuwa amefika. Nyuma yake akasogea mama wa kahawa, na mwalimu, na wale vijana wawili waliosimama njiani, na mlinda mlango wa Ujiji akiwa na glavu kwapani. Mstari ukapinda kwenye uwanda, ukazunguka uwanja wa mpira, ukarudi.

Hakuna aliyesema tunyamaze. Rafiki yangu, niamini, watu wote wale, na watoto wachanga migongoni, na nilisikia maji yakitoka kwenye birika. Nilisikia jembe likilazwa kwenye nyasi. Nilisikia majani ya mikaratusi juu yetu, ambayo sikuwahi kujua kwamba yana sauti. Bwawa nyuma ya kamba lilikuwa limetulia, halina hata kunjo moja, na mbingu nzima ilikuwa ndani yake na mawingu yake. Nilikuwa nimeliogelea bwawa lile tangu najua kutembea na sikuwahi kuliona. Kumbe siku zote tulikuwa tunalivunja.

Zamu yangu ilipofika, aliyeshika birika alikuwa rafiki yangu. Nilitafuta mzaha wa kumwambia. Ndani yangu huwa kuna mizaha imepanga foleni usiku na mchana, na siku ile nilipofungua mlango sikukuta hata mmoja. Nilikinga mikono tu, akanimwagia. Maji yalikuwa baridi. Mwenyekiti alinawa mwisho, na aliyemmwagia ni yule mama. Alimwambia, "Asante, mwenyekiti." Mwanaume mzima aliangalia miguu yake.

Pilau tuliila matangani, imekaa kimya kwenye sinia, zabibu kwa zabibu.

Siku hizi bwawa lina geti. Lina spika kubwa kuliko kabati la bibi, na boti za kukanyaga kwa miguu zenye sura ya bata. Nguzo ziling'olewa ili magari yapite. Mtu akifa kijijini, spika hupunguzwa kama mwenye spika anamjua marehemu. Silaumu, na mimi hucheza muziki huohuo, tena navunja kiuno kuliko wote. Bibi anakaa nyumbani sasa, magoti yamekataa mteremko. Nikimsimulia habari za bata wa plastiki ananitazama kwa huruma, kana kwamba nimeanza kuugua.

Lakini unataka kujua nani alishinda lile shindano.

Malori ya kambini yalikuja tanga likiwa bado halijaanuliwa. Yule mama alipiga magoti kwa bibi, bibi naye akapiga magoti, ikabidi wainuliwe wote wawili. Rafiki yangu alipanda nyuma ya lori, akakaa juu ya godoro. Lori lilipoondoka alinyoosha mikono mbele, akapiga hewa kama tulivyofanya kwenye benchi, anaogelea, anaogelea, mpaka kona ikammeza.

Kamba ilifunguliwa siku chache baadaye. Watoto tukapangwa mchangani, filimbi ikalia, nikaruka. Nilikwenda kwenye mti mkavu, nikaugusa, nikarudi, na nilipokanyaga chini nilikuwa wa kwanza kwa mbali. Kijiji kilishangilia. Niligeuka haraka, mdomo wazi, cheko tayari, nimcheke niliyemshinda. Nyuma yangu walikuwa watoto kibao, wanarusha maji, wanakuja. Nilimtazama mmoja baada ya mwingine, nikaufunga mdomo.